Programu Inayohama Mashine: Mada kwa Vijana wa Kidodi Wanaojifunza Lugha ya C



Kidatu, jirani hapa, reli mbili zinakutana bila kuungana. Ile itokayo Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000; ya TAZARA ina milimita 1,067. Ni tofauti ya milimita 67 tu, lakini behewa halivuki, na shehena hulazimika kuhamishwa. Programu za kompyuta nazo zina Kidatu yao.

Lugha ya C iliasisiwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikasanifishwa mwaka 1989. Kiini cha kila simu ya Android iliyomo ukumbini humu kimeandikwa kwa C. Hata hivyo, kanuni zake hazikutamka ukubwa kamili wa namba ya aina ya int. Ziliweka kima cha chini tu. Kwenye kompyuta ya mezani huwa biti 32. Kwenye vijikompyuta vingi vinavyofungwa ndani ya mita na pampu ni biti 16, na ukomo wake ni 32,767.

Fikirieni kijana aliyeandika programu ya kuhesabu ndoo za kituo cha maji. Aliijaribu kwenye kompyuta ya shule, ikafanya kazi vyema, akaihamishia kwenye kifaa cha kituoni. Kwa ndoo 400 kwa siku, siku ya 82 hesabu inapita ukomo. Hapo kanuni za C haziahidi lolote. Mara nyingi namba hugeuka kuwa hasi. Kamati ya maji inauliza fedha ziko wapi, na mhudumu asiye na kosa hana la kujibu. Dawa ilikuwapo tangu mwaka 1999: kuandika int32_t, inayotaja biti zake waziwazi.

Mita nazo hubadilishwa. C haina madarasa ya vitu kama lugha za baadaye, lakini mwandishi anaweza kuweka ndani ya muundo mmoja data za mita pamoja na vielekezi vya kazi zake: washa, soma, zima. Programu huomba “soma” bila kujali mita ni ya nani. Linux hufanya hivyohivyo kwa mafaili na vifaa vyake. Mita mpya ikija, huandikwa sehemu yake pekee. Ila kielekezi kilichosahauliwa bila kujazwa huweza kuangusha programu nzima, na C haimwonyi mtu.

Kuhusu tarehe: programu zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zenye alama zitafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Tanzania. Kifaa kinachofungwa kisimani leo kinaweza kuwa bado kazini asubuhi hiyo. Anayekiandikia programu sasa atumie biti 64.