Mgonjwa wa Siku Nyingi Akianza Kuweweseka

Leo nazungumza nawe unayemuuguza mtu kitandani kwa muda mrefu.

Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani zaidi ya mara moja. Baadaye akawa mtawa huko Italia, mpishi na bawabu wa nyumba ya watawa mjini Schio. Uzeeni aliugua kwa muda mrefu, tena kwa maumivu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947; mwaka 2000 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu.

Karibu na kufa alimsihi muuguzi wake amlegezee minyororo, kwani ilikuwa mizito. Minyororo haikuwapo! Mawazo yalikuwa yamerudi utumwani.

Mama, mgonjwa wako akisema maneno kama hayo, usimkemee, wala usiseme amerogwa. Mshike mkono, mwite kwa jina, mwambie uko naye. Punguza blanketi. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulalia. Angalia visigino na makalio, na usisugue palipobadilika rangi. Lakini kuweweseka kukianza ghafla, huenda ni malaria, homa nyingine, upungufu wa maji mwilini au dawa anazotumia. Hapo usikawie, mpeleke kituo cha afya.

Nawe ulale. Mwachie shemeji zamu ya usiku. Kama hajui kumgeuza, mwonyeshe.