Ulemavu Si Kizuizi cha Utumishi



Tumeombwa kusema juu ya wenzetu ambao, wakiwa na ulemavu wa mwili, wametoa maisha yao kulitumikia Kanisa na jamii. Hatuna haja ya kwenda mbali. Ukiiacha delta na kuufuata mto Rufiji kuelekea bara, karibu na Utete utakikuta Kindwitwi, kijiji cha watu walioathiriwa na ukoma. Katika miaka ya 1960 alihamia hapo Padre Robin Lamburn, mmisionari Mwanglikana kutoka Uingereza, naye akakaa nao hadi uzeeni. Mwaka 1985 alitunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Albert Schweitzer. Mwanglikana aliyeishi kati ya Waislamu, na leo anatajwa na Wakatoliki: hilo nalo ni somo la amani.

Lakini tukiri kosa letu. Kila tunapoisimulia habari hii tunamtaja padre, na wanakijiji tunawaacha kama watu wa kuhurumiwa tu. Je, padre mmoja angeweza kukiinua kijiji peke yake? Walioshika jembe kwa mikono isiyo na vidole, wakajenga, wakalea watoto na kuuguzana, nao ni watumishi.

Ukoma huua mishipa ya fahamu, hata mtu akanyage mwiba au kaa la moto asihisi. Jeraha lisilotunzwa ndilo huleta kilema. Dawa za mchanganyiko huuponya kwa miezi sita au kumi na miwili, wala aliyepona haambukizi. Kilema hubaki. Basi anayekataa kupeana amani na aliyepona hajilindi na ugonjwa wowote. Anamdhulumu ndugu yake.

Mtakatifu Damian wa Molokai, padre kutoka Ubelgiji, alikwenda mwaka 1873 kuishi na wagonjwa wa ukoma katika visiwa vya Hawaii. Ugonjwa ukampata yeye mwenyewe. Hakuacha kazi: aliendelea kujenga, kuadhimisha Misa na kuzika wafu karibu hadi kifo chake mwaka 1889. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Nasi mapadre tusijifiche nyuma ya watakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 984, iliwazuia kupewa daraja wale ambao kwa udhaifu wa mwili hawakuweza kuhudumu altareni kwa usalama, au kwa sababu ya umbo lao hawakuweza kuhudumu kwa heshima. Sheria ya mwaka 1983 imekiondoa kizuizi hicho. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Katika vigango vyetu, hata hivyo, mlemavu bado hupewa kiti cha mlangoni, na sadaka humfuata huko huko. Tunamwita mgonjwa hata akiwa na afya kuliko sisi.

Wanaoishi katika delta wanajua taabu ya kushuka mtumbwini maji yakiwa yamekupwa, tope la mikoko likifika magotini. Mwenye magongo hawezi kuipita njia hiyo bila mwenzake, na mafuriko ya mwaka 2024 katika Rufiji na Kibiti yalitukumbusha ni nani hubaki nyuma watu wanapokimbia. Tena mikutano yetu tunaiita mjini Kibiti, kisha tunaandika kwamba fulani hakuhudhuria!

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kabla ya uchaguzi ujao wa viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kila jumuiya iwatembelee waumini wake wenye ulemavu, iwaulize ni kazi gani wanataka kuifanya, wala si msaada gani wanahitaji. Na halmashauri ya kila kigango ipime ngazi za mlango wa kanisa lake, na zile za altareni pia, ituletee vipimo, ili mafundi waanze kuweka mteremko.