Damu ya Ndama na Ukijani wa Majini





Mazungumzo haya yahusu jambo lililo mbali na macho ya wengi, nalo ni chakula cha seli katika maabara. Seli ni zile chembe hai ndogo mno ambazo kwazo mwili wa kila kiumbe umejengwa. Mwaka 1907 mtaalamu wa Kimarekani, Ross Harrison, aliziotesha seli za mishipa ya fahamu ya chura nje ya mwili wake, zikaishi. Tangu hapo elimu hiyo imepanuka. Kwa njia hiyo hujaribiwa dawa, na kwa njia hiyo ilipatikana chanjo ya ugonjwa wa kupooza.

Lakini seli nazo hula. Sukari, chumvi na vitamini pekee hazikutosha, na tangu mwaka 1958, Theodore Puck na wenzake walipoonyesha faida yake, maabara nyingi zimetegemea seramu ya ndama asiyezaliwa. Hupatikana hivi: ng'ombe mwenye mimba huchinjwa machinjoni, ndama akatolewa tumboni, akadungwa sindano ya moyo, na damu yake ikavutwa. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwa mashine hata yakajitenga maji ya rangi ya manjano. Aghalabu sehemu moja katika kumi ya chakula cha seli huwa ni maji hayo. Je, ndama yule husikia maumivu? Wataalamu wamebishana; na mwenye huruma hana haja ya kungoja ubishi huo uishe.

Wataalamu wenyewe wana lawama nyingine, kwamba seramu ya leo haifanani na ya jana, na virusi huweza kujificha ndani yake.

Jambo hili lingebaki la maabara tu, lau si nyama. Agosti 2013, huko London, Mark Post wa Uholanzi alionyesha kipande cha nyama ya kusaga kilichooteshwa kutokana na seli za ng'ombe, na seramu ilitumika. Hapo suala likaingia jikoni. Damu imiminikayo imeharamishwa katika Sura ya Al-An'am. Basi nyama iliyoleleka ndani ya seramu ina hukumu gani? Mwaka 2024 mamlaka ya fatwa ya Singapore ilijibu kwamba nyama ya namna hii yaweza kuliwa, mradi asili ya seli iwe mnyama halali na kusichanganywe kilicho haramu. Sharti hilo la pili ndilo zito.

Ndipo ukaja ukijani wa majini. Kuula si ajabu mpya: watu wa kando ya Ziwa Chad huukusanya, wakaukausha juani, wakautia katika mchuzi, nao huuita dihe, na ndege heroe wa Ziwa Nakuru huishi kwa jamii iyo hiyo. Huko Tokyo, Tatsuya Shimizu na wenzake walichukua namna nyingine, iitwayo Chlorella, ambayo kila mmoja wake ni seli moja tu. Waliichemsha kwa tindikali, wakapata sukari na vijenzi vya protini, wakazilisha seli za misuli ya ng'ombe. Uzuri mwingine ni kuwa ukijani huo huweza kunywa amonia, ambayo ni uchafu wa seli zenyewe, ukakua kwayo.

Hata hivyo, ukijani hulisha, hauamrishi. Seramu hubeba pia vichocheo viziambiavyo seli zikue na kugawanyika, na hivyo Chlorella haikuvitoa vya kutosha. Katika kazi yao iliyotolewa mwaka 2023, wataalamu hao wa Tokyo waliviziba pengo hilo kwa majimaji yaliyotolewa na seli za ini la panya. Damu ya ndama imeondoka, panya ameingia! Fakihi aliyesoma juu ya chupa kwamba haina seramu, akaridhika, bado hajauliza swali lililobaki.

Njia ya kuwaepuka wote wawili ipo: vichocheo hutengenezwa pia na vijidudu kama hamira, vilivyofunzwa kazi hiyo katika maabara. Tatizo lake kubwa limekuwa gharama. Pamoja na hayo, Januari 2023 serikali ya Singapore iliruhusu kuku wa maabara aliyekuzwa pasipo seramu.