Kivuli Kifuani

Jioni hii napenda kusema nanyi habari za picha ya kifua, ile ipigwayo kwa eksirei, na jinsi isaidiavyo kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu.

Miale hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Hupenya nyama kwa urahisi, lakini mifupa huizuia. Kwa hiyo pichani mbavu ni nyeupe, na pafu zima, kwa kuwa limejaa hewa, ni jeusi. Pafu lililoshikwa na kifua kikuu huonyesha mawaa meupe kama wingu, mara nyingi upande wa juu, na pengine tundu katikati yake. Waganga huliita wingu hilo kivuli, ingawa ni jeupe.

Faida ya picha ni kubwa kuliko wengi wadhanivyo. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016, watu 63,050 walichunguzwa, wakaonekana wagonjwa 305. Wengi wa hao hawakuwa na kikohozi cha majuma mawili. Picha ndiyo iliyowafichua. Basi mtu asiseme, "Mimi sikohoi, picha ya nini?"

Lakini picha huonyesha kivuli tu, haisemi kimeletwa na nini. Numonia, saratani, hata kovu la ugonjwa uliokwisha kupona, huweza kufanana nacho. Mwalimu mwenzangu mmoja alionekana na kivuli. Kabla ya majibu ya makohozi kufika, kikombe chake cha chai kilikwisha kutengwa na vyetu, nami, naona haya kusema, nilikuwa miongoni mwa waliokitenga. Kumbe lilikuwa kovu la zamani! Hakulalamika, ila tangu siku ile hakunywa chai pamoja nasi.

Ndiyo sababu makohozi hupimwa, ama kwa darubini, ama kwa mashine itambuayo vinasaba vya kijidudu alichokitangaza Robert Koch mwaka 1882. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta isome picha za watu wa miaka 15 na zaidi. Nayo pia huonyesha tu nani apimwe makohozi.

Uendapo kupigwa picha, vua mkufu na shanga, vuta pumzi, uizuie. Mwenye mimba na aseme mapema. Ukiambiwa kuna kivuli, peleka makohozi ya asubuhi, yatokayo kifuani, wala si mate. Kwaherini.