Kijiti Chenye Dhahabu

Kile kijiti cha kupimia dawa za kulevya kwenye mkojo kina dhahabu ndani yake. Dhahabu kweli, ila katika chembe za nanomita 40 hivi. Ungepanga kama 2,000 ndipo zifikie upana wa unywele. Ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu, si njano.

Tuchukue kijiti cha heroini. Chembe zake zimevalishwa kingamwili zinazonasa mofini, ambayo mwili huipata kutokana na heroini. Mkojo huzibeba hadi mahali palipopakwa mofini tayari. Mkojo ukiwa safi, chembe hunasa pale na mstari mwekundu hujitokeza. Ukiwa na mofini ya kutosha, kingamwili zimeshashikwa njiani, mstari hautokei.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Mistari miwili: dawa haikuonekana. Mmoja tu, ule wa kuhakikisha kijiti kinafanya kazi: imeonekana. Ni kinyume cha kipimo cha ujauzito! Na mstari hafifu nao ni mstari.

Sasa, aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana ametumia heroini, maana mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Fentanili na tramadoli, kwa upande wao, hupita bila kunaswa, kwa kuwa molekuli zake zina umbo jingine. Kwa hiyo, bwana mwajiri unayepima wafanyakazi wako kwa kijiti hiki, kabla hujamwandikia mtu barua ya kumfukuza, peleka sampuli ileile maabara ithibitishwe.