Mzazi anahitaji mwenye kumuita



Leo tunaongea juu ya miguu ya wazazi wetu. Wakati Filtisaf ilikuwa inafuma vitambaa hapa Kalemie, kazi ilikutanisha watu. Jirani anakupitia mlangoni, mnaenda pamoja. Kiwanda kilifunga, kundi likatawanyika. Sasa papa wa miaka 50 anashinda kwenye kiti mbele ya nyumba, mpaka siku damu inapanda. Tusimuite mvivu: hana tu mwenye kumuita.

OMS inasema mtu mzima atembee haraka-haraka dakika 150 kwa juma, ni kusema nusu saa, siku tano. Haiombi feza. (Ba mama wenye kubeba samaki toka ziwani, hao wanatembea tayari, wanatafuta pumziko.)

Kwenye likelemba, mmoja akikosa, wenzake wanaenda kumuuliza nyumbani. Kwa kutembea pia tufanye vile.

Sisi wenye diploma bila kazi, muda tuko nao. Siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, kila kijana atoke na mzazi wake na jirani wa mzazi. Tunaonana kwenye daraja ya Lukuga. Banderole hapana, leteni maji tu.