Tupime batri kabla ya mvua ya mwezi wa tisa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Butembo)

Leo tunasema juu ya kitu kimoja kilicho chini ya kapo ya gari letu: batri.

Ninyi mulio Ulaya na Kanada munajua kazi hii. Kabla ya theluji, watu wanapima batri. Sisi hatuna theluji, lakini Butembo iko milimani, na asubuhi za mvua baridi inauma. Baridi inapunguza nguvu ya batri, na wakati ule ule mafuta ya mota yanakuwa mazito, kwa hiyo mota inadai nguvu zaidi ili iwake.

Lakini tusilaumu baridi peke yake. Kinachochosha batri zaidi ni joto. Gari letu linashuka Beni, linafika mpaka Kasindi kwenye jua kali. Kule maji ya batri yanapungua na risasi za ndani zinaharibika polepole. Hakuna anayeona kitu, juu gari linawaka vizuri. Halafu linapanda Butembo, linalala kwenye baridi, na asubuhi linakataa. Ugonjwa ulianza zamani. Baridi inauonyesha tu.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Kila mmoja wetu anajua barabara zetu. Tangu mauaji yalipoanza mwezi wa kumi 2014 katika wilaya ya Beni, wengi wetu tulikimbia. Sasa tumerudi, tumeanza tena mashamba ya kakao. Gari hili linabeba magunia, linabeba mgonjwa, linabeba mama anayeenda kuzaa usiku. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 tu, lakini hakuna anayependa kukwama njiani jua likizama. Na kwenye barabara ya Beni–Komanda tumeona magari yakipita kwa msafara wenye ulinzi wa askari. Msafara hautangoji gari lisilowaka.

Wengine watasema: si tunaliegesha kwenye mteremko, tunalisukuma, linawaka? Ndiyo, mchana, tukiwa vijana sita. Usiku, na mgonjwa ndani, nani atasukuma?

Basi, shofa na kamati wafanye hivi:

Kwanza, kuangalia. Zima mota, usivute sigara karibu, juu batri inatoa hewa inayoweza kulipuka. Kama ile takataka nyeupe au ya kijani imeshika vichwa vya batri, ondoa kwanza waya wa kutoa (–), halafu wa kujumlisha (+). Safisha kwa maji yenye bikarbonati na brosi ya zamani. Kurudisha ni kinyume: + kwanza. Kaza vizuri.

Pili, maji. Kama batri ina vifuniko, fungua vyote sita. Maji yafunike risasi. Ongeza maji ya distile tu, si ya bomba, si ya kisima, na usiongeze asidi.

Tatu, kupima. Asubuhi, mota ikiwa imelala usiku wote, kipimo kionyeshe karibu volti 12.6. Ikiwa 12.4, ichajiwe. Ikiwa 12 au chini, imeisha karibu yote. Wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9.6. Mota ikizunguka, tuone kati ya 13.8 na 14.4. Kama haifiki pale, pengine kosa ni la alternateri au mkanda wake, na batri mpya nayo itakufa vilevile.

Kuna jambo moja tunaliomba kwa heshima: gari si mahali pa kuchaji simu na redio mota ikiwa imezimwa. Tunajua umeme ni shida kwetu sote. Lakini batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiikausha mara kwa mara, haidumu.

Na batri ya zamani, asidi yake isimwagwe uani. Risasi ni sumu, na watoto wanacheza pale. Irudishwe kwa muuzaji.

Tunapendekeza kipimo kifanyike kila mwezi, siku ya Jumamosi baada ya salongo, na namba ziandikwe katika daftari mbele ya wanamemba wawili. Daftari litatuonyesha batri inavyoshuka, na tutachanga pesa mapema, bila kukimbizana na deni. Batri ikifika mwisho, mpya tutainunua kwa mchango wetu wenyewe. Kwa wafadhili tunaomba vitu viwili: kipimo cha volti na chaja. Hivyo vitatumika miaka mingi.

Mvua iko karibu. Tufungue kapo juma hili.